Aliyeunga Hakagui

Huko Stony Lick, kwenye milima ya West Virginia, iko sheria moja ambayo haikuandikwa popote na ambayo hata mlevi anaiheshimu: aliyeunga hakagui. Ukishaunganisha bunduki yako nyumbani, mezani kwako, kwa vipande ulivyoagiza kwa posta na vingine ulivyorithi kwa babu, hujipi cheti mwenyewe. Unampelekea mwingine. Wenyewe wanasema jicho la mwungaji huona alichokusudia, halioni alichofanya. Na hawakosei, maana kule kila ukoo una kisa cha mjomba mmoja aliyekuwa na uhakika.

Kwa miaka ishirini na miwili huyo mwingine alikuwa Oleta Cogar.

Oleta alikuwa na miaka sitini na tisa, mfupi, mpana, nywele anajikata mwenyewe kwa mkasi wa jikoni na zinaonekana hivyo. Alifanya kazi miaka thelathini kwenye kiwanda cha mbao kule bondeni, akikagua mbao zinavyotoka kwenye msumeno: hii daraja la kwanza, hii la pili, hii kuni. Wachanaji walimwogopa kuliko meneja. Ubao ukiwa na ufa mwembamba kama unywele, Oleta aliupiga chaki nyekundu, na ulimi wake ulikuwa pilipili. "Huu mpelekee mama mkwe wako ajengee choo," angesema, na mambo yakaisha. Mumewe, Hobart, ndiye aliyekuwa akiwaungia majirani bunduki, na kwa kuwa aliyeunga hakagui, mkaguzi alikuwa mkewe. Hobart alipofariki, kazi ya kuunga ilihamia majumbani mwa watu, kila mtu na meza yake. Kazi ya kukagua ilibaki kwa Oleta.

Yeye mwenyewe hakuwinda. Alimpiga kulungu mmoja tu akiwa msichana, akalia siku nzima, kisha akamla kwa muda wa miezi mitatu. Alisema hiyo ilitosha kumjua kulungu. Lakini wiki ile ya Novemba kabla ya msimu wa kuwinda kufunguliwa aliipenda kuliko Krismasi, na sioni haya kulisema hilo kwa niaba yake, kwa sababu yeye asingelisema. Mwaka mzima nyumba ile ilikuwa kimya. Watoto wake wawili walihamia Ohio wakifuata kazi, wakipiga simu Jumapili kwa zamu. Halafu ikifika wiki ile, pikapu moja baada ya nyingine inapanda kilima, buti zinaleta tope hadi jikoni, birika la kahawa halishuki motoni, maharage yamo sufuriani na mkate wa mahindi uko kwenye tanuri, na kila anayeingia anamwambia habari za mke, za ng'ombe, za goti. Kwa siku sita Oleta alikuwa mtu anayehitajika.

Ukaguzi wake ulikuwa na mpangilio usiobadilika. Bunduki inalazwa juu ya taulo, mtutu ukielekea ukuta wa mawe. Risasi haziruhusiwi kuvuka kizingiti. Ukisahau moja mfukoni unarudishwa nje kama mbwa aliyelowa. Magazini inatolewa, chemba ya risasi inafunguliwa, Oleta anachungulia, anaingiza kidole kidogo, kisha anamsogezea mwenyewe naye achungulie. "Tupu?" "Tupu." Lazima wawili waseme. Kisha anaweka kizuizi cha usalama na kuvuta triga: bunduki inatakiwa ikae kimya. Anaondoa kizuizi, anavuta: nyundo inaanguka, ta! Kisha ndiyo inakuja ile ya mwisho ambayo watu walisafiri kilomita thelathini kwa ajili yake. Triga ikiwa bado imebanwa, anaiandaa bunduki upya kwa mkono, nyundo irudi nyuma, halafu anaiachia triga polepole sana. Hapo, kama iliungwa sawasawa, unasikia mlio mmoja mdogo. Tik. Bunduki imejishika. Ukikosekana huo mlio, na badala yake nyundo ikaanguka wakati ule kidole kinapoachia, basi bunduki hiyo inaweza kupiga tena wakati mwindaji anadhani amemaliza.

Zamani Oleta aliufuata mlio ule akiwa amefumba macho na sikio karibu na chuma. Akiridhika anasema "Safi," na anafunga kikaratasi chekundu kwa uzi, chenye herufi mbili za jina lake na mwaka. Bunduki yenye kikaratasi hicho haikaguliwi tena na mtu. Kuikagua upya ni sawa na kumwambia mpishi mbele ya wageni kwamba unataka kwanza uonje.

Sasa, kisukari kilianza na ncha za vidole. Zilikufa ganzi taratibu, mwaka baada ya mwaka, mpaka ikawa akishika kikombe cha moto anajua kwa kukitazama. Halafu ile misumeno ya kiwandani, iliyomlia masikioni miaka thelathini, ikaja kudai chake. Sauti nene aliendelea kuzipata, mtu akiwa karibu na midomo yake inaonekana. Zile nyembamba zilikwenda moja moja: kwanza chiriku, kisha saa ya ukutani, kisha tik.

Hakukusudia kudanganya. Ilitokea tu siku moja, misimu miwili nyuma, kwamba alikuwa ameachia triga ya kijana mmoja wa Bonde la Chini na hajasikia kitu, akafumbua macho amwombe atulie, akaona mabega ya yule kijana yameshuka na pumzi imemtoka. Imelia, Oleta akajua. Akasema "Safi," na ilikuwa safi kweli. Tangu hapo aliacha kufumba macho. Watu wakadhani ni uzee. Mtu na bunduki yake mpya mezani pa Oleta ni kama mzazi nje ya chumba cha mtihani: uso wake unasikia kila kitu. Ukisikika mlio, jicho linapepesa, koo linameza. Kwa misimu miwili Oleta aliwasoma nyuso kama alivyosoma mbao, na hakukosea hata mara moja. Hilo ndilo lililomponza.

Kuhusu kuongea, alikuwa na dawa yake: ukitaka watu wasijue husikii, ongea wewe.

Alhamisi ya wiki ile alikuja Kaylene Hamrick, binti wa Dreama, na huyo Dreama ni shoga wa Oleta tangu wakiwa wasichana wa misuko miwili. Kaylene ana miaka ishirini na sita, anauguza wazee kwenye kituo kimoja mjini, na mwaka ule aliapa ataunga bunduki yake mwenyewe, hamwombi mwanamume yeyote.

"Shangazi Oleta, usiniambie kitu kibaya," alisema akiilaza kwenye taulo. "Mwenzio hata kula sijala."

"Nikikuta kibaya nitakwambia, kisha utakula. Nani kakusaidia?"

"Hakuna. Kaka alitaka, nikamfukuza."

"Vizuri. Kaka yako baiskeli tu aliifunga usukani nyuma mbele."

Kaylene akacheka, na lile tabasamu likamkaa usoni. Wakachungulia wote wawili. Tupu, tupu. Kizuizi kilishika. Nyundo ilianguka ilipotakiwa. Ikaja ile ya mwisho. Oleta akaachia triga polepole, na kiganjani akahisi kitu kwa mbali, kama mtu aliyegonga ukuta wa nyumba ya pili. Akamtazama Kaylene. Kaylene alikuwa anatabasamu.

"Safi," akasema Oleta, na akafunga kikaratasi.

Kaylene akamkumbatia mpaka miwani ikapinda. Alisema Jumatatu atatoka na mama yake, njia ya zamani ya magogo, mama mbele kwa kuwa ndiye anayeijua, yeye nyuma. Oleta alikula furaha ile pamoja na maharage yake hadi Jumapili.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, akaja Verlin Bragg. Verlin aliendesha lori la makaa miaka arobaini, na uso wake haukuwahi kumwambia mtu kitu. Kwenye karata aliwakomoa watu nusu karne kwa uso huo. Aliweka bunduki yake mezani, akachungulia, akasema tupu, halafu akageukia dirishani kutazama ndege wanavyogombania mafuta ya nyama aliyowatundikia Oleta.

Oleta akaachia triga. Akatazama. Aliona shavu moja na sikio, na vyote viwili vilikuwa kama ukuta. Akarudia. Akarudia tena.

Mara ya nne Verlin akageuka. "Mama, hiyo triga umeipenda? Nikuachie?"

"Nyamaza nisikilize."

"Mbona nimenyamaza. Wewe ndiye unayenikodolea macho kama nimekuibia kuku."

"Imelia?" Neno lilimtoka kabla hajalishika.

"Ati?"

"Nauliza, imelia?"

Verlin akasogea hadi mezani. "Oleta," akasema taratibu, na midomo yake ilisomeka vizuri kabisa, "si nimekuletea wewe uniambie?"

Oleta alishusha macho kwenye chuma kile, na kilichomjia kichwani si Verlin. Ni lile tabasamu la Kaylene. Kwa mara ya kwanza alijiuliza lilianza saa ngapi. Lilianza kwa kaka na baiskeli. Lilikuwepo kabla ya kizuizi, kabla ya nyundo, kabla ya yote. Mabega ya yule binti hayakushuka, jicho halikupepesa. Mtu asiyejua anasubiri mlio gani hana uso wa kuusikia.

"Imelia mara zote nne," akasema Verlin, akichukua kofia yake.

Oleta hakumfungia kikaratasi. Alimwambia vimekwisha, na vilikuwa pale mezani, bunda zima, mbele ya wote wawili. Verlin akavitazama, akamtazama, akasema, "Haya, mama," akaondoka na bunduki yake bila neno lingine.

Oleta alikaa. Ilikuwa saa sita mchana, na msimu ungefunguliwa alfajiri. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa kifo kilikuwa kimekosea njia, kinaelekea kwa jirani. Alilijua hilo. Lakini nisimpambe: kitu cha kwanza alichotafuta kilikuwa namna ya kuirudisha bunduki ile mikononi mwake bila mtu kujua sababu. Maana siku watakapojua, pikapu hazitapanda tena kilima. Nani apeleke bunduki kwa kiziwi mwenye vidole vya mti? Aliogopa Desemba, na Januari, na miezi yote inayofuata ikiwa haina ile wiki moja ya kuingojea. Aliogopa sana. Akavaa koti, akachukua kalamu, akatunga uongo akiwa njiani.

Dreama alikuwa jikoni kwake akipanga vimkate vya pepperoni, soseji ya pilipili iliyookewa ndani, kwenye sinia, vya kupeleka ukumbi wa zimamoto, ambako kila mwaka wawindaji hula pamoja alasiri ya mwisho kabla ya msimu.

"Shoga, umekuja kunisaidia au kula?" akauliza.

"Nimekuja kwa Kaylene. Ile bunduki, nilisahau kuandika mwaka."

Kaylene akaileta kutoka kabatini, mtutu chini, akakigeuza kile kikaratasi chekundu. "Mwaka upo, Shangazi. Huu hapa."

Upo kweli. Oleta aliuona, kwa mwandiko wake mwenyewe, na akili ya uongo ikamwishia pale pale. Akavuta kiti akakaa.

"Kaylene. Alhamisi, nilipoachia triga ile mara ya mwisho. Ulisikia mlio gani?"

"Mzuri tu!" Kaylene aling'aa. "Ta!"

Oleta hakuusikia, aliuona. Mdomo ulifunguka wazi, taya likashuka. Tik haifungui mdomo wa mtu hivyo. Tik hutamkwa meno yakikaribiana.

"Sema tena."

"Ta! Mkali kabisa. Kwani vipi?"

"Dreama," Oleta alisema, "mimi sisikii."

Dreama alikuwa amegeukia sinia. Alisema kitu kuelekea ukutani.

"Nimekwambia sisikii, halafu unaniongelesha kwa kisogo!"

Dreama akageuka, mikono imejaa unga, na uso wake haukuonyesha mshangao wowote. "Nimesema najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba husikii. Kila mtu anajua, Oleta, tangu mwaka juzi. Mchungaji alikuuliza mguu wako unaendeleaje, ukamwambia huenda itanyesha Jumanne."

"Mlijua?" Oleta alisimama tena. "Mlijua, na bado mkaniletea bunduki?"

"Tulijua una vidole! Kila mtu anasema, Oleta hahitaji masikio, anasikia kwa vidole. Nani angekuja kukwambia, wewe mama, masikio yako yamekufa? Tungekuvunjia heshima."

"Vidole vilikufa kabla ya masikio."

Hilo Dreama alikuwa halijui. Alilipokea polepole, akiwa anajifuta unga kwenye aproni, na unga ulipokwisha aliendelea tu kujifuta.

Ukaguzi walifanya pale pale. Kaylene alifungua chemba, wakachungulia watatu, wakasema tupu watatu, mtutu ukaelekezwa kwenye bomba la moshi la mawe. Dreama ndiye aliyeshika, kwa kuwa hakuiunga yeye. Akabana triga, akaiandaa kwa mkono, akaachia polepole. Oleta hakuhitaji kusikia. Dreama alikuwa amewinda tangu utoto, na uso wake ulisema kila kitu. Akarudia. Uso ukasema tena. Ile nyundo ilikuwa inaanguka kidole kinapoachia.

"Yesu wangu," alisema Dreama, akailaza chini kama yai.

Kaylene alikuwa mweupe kwa hofu. "Ulisema safi," akamwambia Oleta. "Uliniangalia hapa, machoni, ukasema safi. Mimi sikujua! Mimi nilikuja kwako kwa sababu sijui!"

"Ndiyo," alisema Oleta. "Ulikuja kwangu."

Binti akatoka na kuubamiza mlango. Ule mbamizo Oleta aliupata.

Dreama alimshika mkono. Alisema, akimtazama usoni sasa, kila neno likisimama peke yake, kwamba hii itarekebishwa, fundi ataitwa, si kitu. Na wale wengine ni watu wazoefu, bunduki zao zimelia, nyuso zao hazidanganyi. "Tuko watatu tunaojua. Pumzika, shoga. Mwakani utasema tu umechoka."

Nakiri kwamba ningekuwa mimi, ningeukubali ushauri ule. Ulikuwa ushauri wa mtu anayekupenda. Oleta naye aliukalia kwa dakika nzima. Akavihesabu: vikaratasi kumi na kimoja mwaka huu. Akajaribu kuzikumbuka nyuso kumi na moja. Alizikumbuka tisa vizuri. Ya kumi ilikuwa na mafua. Ya kumi na moja haikumjia kabisa.

"Nipeleke ukumbini," alisema. "Na mkasi wako unao?"

Ukumbi wa zimamoto ulikuwa umejaa, meza ndefu zimefunikwa plastiki, nyama ya nguruwe na viazi na maharage, watu kama arobaini, kila mmoja akizungumza kwa mdomo uliojaa. Kwa Oleta ilikuwa ngurumo moja tu. Alisimama mbele kwenye meza ya keki na kugonga sufuria kwa mwiko hadi alipoona midomo imeacha kwenda.

"Mimi ni kiziwi," alisema. Alisema kwa sauti kubwa mno, kwa kuwa hakujua kipimo. "Najua mnajua. Msichokijua ni kwamba vidole navyo vimekufa. Sihisi kitu. Nimefunga vikaratasi kumi na kimoja na sikusikia bunduki hata moja. Niliwasoma nyuso. Ulipopumua, nikasema safi. Sasa mmoja wenu hakupumua, na bunduki yake ni mbovu, na nilimwambia safi."

Midomo ikaanza kwenda tena, mingi kwa pamoja, na hakujua ipi ni ipi. Verlin alisimama kutoka meza ya mbele, akasogea karibu, akavua kofia.

"Mama, masikio tulijua," alisema. "Ila tulikustahi."

"Mlinistahi!" Hapo hasira ilimpanda, na sijui kama ilikuwa hasira kwao au kwa nafsi yake, nadhani hata yeye hakuwa ameigawa. "Leo umesimama jikoni kwangu ukaniona naomba uso wako uniambie, ukasema haya mama, ukaondoka. Kunistahi huko! Mngenistahi hivyo hivyo mpaka kesho saa moja asubuhi, Dreama yuko mbele, binti yake yuko nyuma, na bunduki yangu safi mkononi mwake."

Watu wote wakageuka kumtazama Dreama, aliyekuwa bado ameshika sinia lake la vimkate. Mwanamke mmoja mzee akaweka uma chini. Verlin akarudisha kofia kichwani, na alikuwa wa kwanza kuelekea mlangoni.

Walitoka wote uani, kwenye theluji nyembamba, na jua la alasiri lilikuwa bado juu ya mabega ya mlima. Wenye bunduki ndani ya pikapu walizileta zikiwa zimefunguliwa chemba. Wawili waliokuwa hawapo Dreama aliwapigia simu. Wakasimama wawili wawili wakitazama ukingo wa udongo nyuma ya ukumbi, mmoja akishika, mwenzake akisikiliza, na hakuna aliyeshika ya kwake. Tupu? Tupu. Oleta akapita katikati yao na mkasi, akikata vikaratasi vyake kimoja kimoja na kuvitia mfukoni mwa koti. Walimpisha. Baadhi walitazama buti zao. Mmoja, yule wa mafua, alimwambia pole, na Oleta akasema pole za nini, inua bunduki hiyo juu kidogo, mwenzio ataweka sikio wapi.

Zote zilikuwa nzima. Hata ile ya uso aliousahau. Bunduki mbovu ilikuwa moja tu mwaka ule, nayo ilikuwa imebaki mezani kwa Dreama ikingoja fundi. Lakini moja ilitosha, na kila mtu pale uani alijua jinsi ambavyo ingetosha.

Watu walianza kurudi ndani, kwenye chakula kilichopoa. Oleta alibaki amesimama, mikono mfukoni. Alikuwa amefanya sawa na alilijua hilo, na bado iliuma, iliuma kama kuzika mtu. Hakuna pikapu itakayopanda mwakani. Aliwaza aende zake nyumbani kabla Dreama hajaanza kumhurumia.

Mtu akamshika bega na kumgeuza. Ilikuwa Kaylene, amewafuata. Macho yalikuwa mekundu, na bado alikuwa na hasira, hilo halikuhitaji masikio. Akaweka mdomo karibu kabisa na sikio la Oleta, akapiga kelele kama anayeita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto.

"MLIO WENYEWE UKOJE?"

Oleta akamtazama.

"NIAMBIE UKOJE!" Kaylene alirudia. "Sitaki kesho mtu aniambie safi! Nataka niujue mwenyewe!"

Verlin alikuwa bado yupo, akifunga begi lake la bunduki. Bila kuulizwa akaifungua tena bunduki, akaonyesha chemba, akasema tupu. Kaylene akachungulia, akasema tupu. Verlin akabana triga, akaiandaa kwa mkono, akangoja.

Oleta alitafuta. Ilimbidi aende nyuma mbali, hadi jikoni kwake, Hobart akiwa hai, sikio lake kwenye chuma baridi. Aliogopa kidogo kwamba mlio wenyewe ungekuwa umekwisha hata kwenye kumbukumbu. Ulikuwepo.

"Mdogo," alisema. "Mdogo kuliko unavyofikiri. Kama mtu anayefunga kikasha cha miwani chumba cha pili, na hataki kukuamsha. Hauna haraka. Na hauna mwenzake. Ukisikia miwili, au mkubwa, huo si wenyewe. Ukibaki unajiuliza kama umeusikia, basi hujausikia. Mwambie arudie."

Kaylene akainama, akaweka sikio karibu, akafumba macho. Verlin akaanza kuachia.

Oleta hakumtazama usoni. Aligeuka, akatazama theluji iliyokanyagwa, akangoja aambiwe.